Pahali Pazuri

Kitendawili! Usiniitikie umesimama hivyo mlangoni, vuta kigoda ukae. Haya: nina jela isiyo na askari wala kufuli, mlango wake uko wazi tangu asubuhi, na mfungwa wake hatoki.

Umesema kaburi? Kaburi mlango wake hauko wazi. Tumbo la mama? Tumboni watu hutoka, tena hutoka wakipiga kelele. Umeshindwa, nipe mji. Unanipa Gatumba? Gatumba siitaki, huko mto unakuja kulala nawe kitandani bila kupiga hodi. Nipe Kibenga, kwenye nyumba kubwa za kando ya ziwa. Ahsante. Nimekwenda Kibenga, nimekaa, nimekunywa chai ya watu, nimefuta mdomo. Jibu lake ni hili: chumba cha mzazi aliye ndani ya arobaini, na mtoto hayupo.

Mwenye mtoto haoni siku arobaini zinavyokwenda. Ananyonyesha, anafua, anasinzia, anashtuka, jua limetua. Lakini yule ambaye mtoto wake amekwenda, mila haimwambii, "Toka, yamekwisha." Amezaa, basi atakaa. Atafungwa tumbo, atakunywa uji wa pilipili manga, atalala kitanda kile kile, na kupitia dirishani ataona watu wanapita na maisha yao mikononi kama mafurushi.

Katika chumba cha namna hiyo ndimo alimoitwa Waridi.

Waridi alikuwa mkandaji wa mtaa wa Buyenzi. Mzazi akishajifungua, huitwa yeye na mataulo yake. Huchemsha maji, huchovya taulo, hukamua, huweka mgongoni, kiunoni, tumboni, kisha hufunga tumbo kwa kitenge mpaka mzazi aseme, "Taratibu, Nyanya, nitapasuka!" Kazi hiyo ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na wakandaji wengine wana tabia moja: nyumba iliyofiwa na kichanga hawaingii. Wanasema mikono itabeba nuksi mpaka nyumba inayofuata. Waridi yeye nyumba hizo ndizo alizokuwa akienda mbio, hata kabla uji haujapoa. Akiulizwa sababu, husema, "Mi pia yalinipata, na nilitoka salama." Akina mama wangapi wamelishika neno hilo kama mtu anayevuka mto anavyoshika kamba! Nilitoka salama. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Nyumba ya Kibenga ilikuwa ya Mzee Obeid, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Omani, wakauza vitambaa mjini miaka na miaka. Mwanawe Faris alikuwa amemwoa Raihana, binti wa fundi wa magari kutoka Buyenzi, na ndiyo maana mkandaji alitafutwa Buyenzi. Raihana alizaa msichana. Mtoto alinyonya vizuri, alipiga chafya, alishika kidole cha baba yake akakataa kukiachia. Siku ya tano alilala baada ya alfajiri, hakuamka. Akaoshwa, wanaume wakamswalia, wakamchukua. Jina lilikuwa limekwisha kuchaguliwa, Tahani, litangazwe siku ya saba.

Faris mwenyewe ndiye aliyemfuata Waridi kwa gari. Mlangoni Waridi akapokewa na Nafisa, mama yake Faris, mwanamke mrefu wa sauti ndogo, ndiye aliyekuwa akimpikia mkwewe uji kwa mikono yake na kumpulizia kijiko kwa kijiko.

"Bi Waridi, karibu. Neno moja tu kabla hujaingia. Humu ndani hatumzungumzi mtoto. Machozi ya mama yanamlowesha mtoto kule aliko. Akae arobaini yake kwa utulivu, asafike, Mungu atampa mwingine."

"Nimesikia, Mama Faris."

Raihana alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Waridi akamgusa bega, akamgeuza kidogo, akaona gauni limelowa kifuani, madoa mawili makubwa.

"Na maziwa je, Mama Faris?" akauliza. "Nayo tumeyakataza?"

Nafisa akavuta shuka kuyafunika madoa.

"Nitafutie shu moja, kabichi lile gumu, uliweke kwenye friji. Majani ya baridi yatamtuliza."

Nafisa akatoka haraka, kama mtu aliyefurahi kupewa kazi. Mara uani mbuzi akalia. Akalia tena, sauti ya kuita. Mwili wa Raihana ukakakamaa chini ya taulo.

"Mbuzi wa nani huyo?" Waridi akanong'ona.

"Wake," Raihana akajibu ukutani. "Wa akika."

Ndivyo ilivyokuwa. Mbuzi alinunuliwa mapema, achinjwe siku ya saba, na mwenyewe akaondoka siku ya tano. Sasa hakuna aliyethubutu kumchinja, na hakuna aliyethubutu kumuuza. Akakaa pale amefungwa kwenye nguzo, amekula maua yote ya Mzee Obeid na nusu ya shuka lililoanikwa, ananenepa kama bwana harusi.

Jioni, adhana ya magharibi ikiwa imetoka tu, Waridi alikuwa anakamua taulo la mwisho Faris aliposimama mlangoni. Kwa mila yao mume haingii chumba cha arobaini. Husimama kizingitini, akamjulia hali mkewe, akaenda zake.

"Umeshindaje na hali?" akauliza.

Raihana hakugeuka. "Umemulaza wapi?"

"Pahali pazuri."

"Wapi?"

"Pahali pazuri, Raihana. Usijali." Akaondoka, na viatu vyake vikasikika vikienda upesi kuliko viatu vya mtu asiye na haraka.

Mikono ya Waridi ikabaki ndani ya beseni. Maji yakapoa, hakujua.

Kwa maana maneno yale aliyajua. Miaka thelathini na nne nyuma, katika chumba cha matofali pale Buyenzi, naye alilala uso ukutani, na mume wake Chabani, fundi wa magari, alisimama mlangoni na mafuta ya mashine kwenye kucha. Alimuuliza mara moja, "Umemulaza wapi?" Chabani akasema, "Pahali pazuri." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayefunga duka. Waridi hakuuliza tena. Wanawake hawaendi makaburini, aliambiwa, sasa ajue ili iweje? Akazaa wengine watatu, wakakua, wakamletea wajukuu. Chabani akafa kwa sukari, naye akaenda na pahali pake pazuri.

Siku zilizofuata esansi ya magari ilipotea mjini kabisa. Magari yakalala kwenye foleni mbele ya vituo, mabasi yakawa hadithi. Waridi akakunja mataulo, akayaweka kichwani, akatembea kwa mguu kutoka Buyenzi mpaka Kibenga, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Vijana wa gereji wakamtania, "Nyanya, unafanya mazoezi? Unataka kuchezea timu gani?" Naye akawajibu, "Ya mama zenu, walishindwa kuwafundisha adabu."

Kila alipomkanda Raihana alimtegea vitendawili. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake, kwa kuwa mtu akifikiri jibu, tumbo hulegea lenyewe.

"Kitendawili!"

Kimya.

"Basi nitajiitikia mwenyewe. Tega! Bibi harusi wangu kila siku anavuliwa nguo, na anayemvua ndiye anayelia. Hujui? Kitunguu, mwanangu."

Kimya. Siku ya pili kimya, siku ya sita kimya. Mbuzi tu ndiye aliyejibu. Na kila magharibi Faris alisimama kizingitini, na kila magharibi waliulizana na kujibiana yale yale, umemulaza wapi, pahali pazuri, mpaka Waridi akaona kana kwamba chumba kimepungua upana. Kuta zilikuwa pale pale, lakini kila jibu lilichukua hatua moja ya nafasi. Raihana alikuwa hali tena kwenye sahani. Alikula tu pale mkono wa Nafisa ulipomlazimisha, akameza kama anameza changarawe.

Siku ya kumi na nne tangu msiba Waridi alisema tena kwa mazoea, "Kitendawili!"

"Apana, Nyanya," ikatoka sauti ukutani. "Leo mi ndiye nategea. Itikia."

Waridi nusura amwage maji. "Tega, mwanangu!"

"Nimeuliza mara kumi na nne, nimejibiwa mara kumi na nne, na sijajibiwa."

Waridi akamkanda kiuno polepole. Kisha Raihana akageuka, mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama usoni kwa macho makavu.

"Na we, Nyanya? Banasema na we ulipoteza. Wako walimulaza wapi?"

"Mi nilitoka salama, mwanangu."

"Sikuuliza kama ulitoka."

Loo! Kuna maswali yanayomkuta mtu kama mwizi aliyemulikwa tochi. Waridi akaanza kukusanya mataulo bila kuyakamua, maji yakamchuruzikia mpaka kwenye viatu. Akasema kesho atakuja mapema. Akatoka. Njia nzima ya kurudi Buyenzi alitembea na mzigo wa maji kichwani, na hasira iliyokuwa kifuani hakuijua ni ya nani. Alikuwa amewatoa wanawake wangapi katika vyumba vyao kwa neno lile, nilitoka salama? Na neno lenyewe lilikuwa na tundu tangu siku ya kwanza.

Usiku ule aliamua: kama yeye hana jibu, atamletea mtu mwenye jibu.

Asubuhi akaenda kwa Orpha. Huyu alikuwa mwanamke wa Gatumba, Mkristo, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, aliyekuwa akivuka mpaka na beseni lake kwenda kuuza Uvira. Waridi alimkanda miaka kadhaa nyuma, mtoto wake wa wiki mbili alipomfia. Wakawa marafiki wa kutaniana.

"Nakuhitaji Kibenga," Waridi akamwambia. "Utabeba mataulo."

"Mi nimekuwa punda wako tangu lini?"

"Tangu leo. Njoo."

Nafisa aliwapokea mlangoni, akamtazama Orpha kuanzia kanga ya kichwani mpaka malapa.

"Huyu nani?"

"Wa kubeba ndoo, Mama Faris."

"Ndoo tunazo, na wa kuzibeba tunao."

"Za kwenu nzito. Na mi nimezeeka."

Nafisa akawapisha, lakini uso wake haukuwapisha.

Orpha aliingia, akakaa chini kwenye mkeka, hakusema pole wala wihangane ya kufariji wafiwa. Alimtazama Raihana, akatazama dirisha. Ziwa lilikuwa pale nje, la rangi ya bati, na ng'ambo milima ya Kongo.

"We uko na bahati ya dirisha," akasema. "Mi wangu yuko humo."

Raihana akainua kichwa. "Ndani ya ziwa?"

"Tulimuzika Gatumba, nyuma ya nyumba ya mujomba wangu. Mwaka uliofuata maji yakapanda, mto ukachukua nyumba, ukachukua na nyuma ya nyumba. Aliitwa Valéry. Sasa nikitaka kumusalimia, nasalimia ziwa lote. Wavuvi wananiona mi ni mwendawazimu, mwanamuke anapungia maji mukono."

"Kumbe na we huna kaburi."

"Sina. Lakini nililiona. Nilijua ni pale, nilikaa pale, niling'oa majani pale. Maji yalipolichukua, yalichukua kitu ambacho kilikuwa changu. Iyo inanisaidia kulala." Akageuka kutoka dirishani. "We mutu akikunyima pahali, anakunyima mutoto mara ya pili."

Hapo ndipo Raihana alipolia. Hakulia kilio cha kistaarabu kile cha kufuta pembe ya jicho. Alilia kwa tumbo lile lile lililokuwa limefungwa kitenge, akapiga godoro kwa ngumi, akaita, "Tahani! Tahani!" mpaka mbuzi huko nje akanyamaza kusikiliza.

Mlango ukafunguka. Nafisa akaingia.

"Mmemfanya nini? Siku kumi na tano nimemtunza kama yai, nyie mmekuja saa moja mkamvunja!"

"Hajavunjika, Mama Faris. Amepasuka kidogo tu, hewa iingie."

"Toka, Bi Waridi. Na huyo mwenye samaki wake, toka naye. Siku zilizobaki nitatafuta mkandaji mwingine."

"Tafuta," akasema Waridi, akifunga mataulo. "Ukimpata atakayekubali kuvuka kizingiti hiki, nipe jina lake nikamshike mkono."

Maneno yalikuwa ya kishujaa, lakini alipofika getini aligeuka kuitazama nyumba. Alijua asiporudi, Raihana atakaa na ule ukuta siku ishirini nyingine, na pengine miaka. Orpha akaelekea ufukweni kupokea ndagala zake. Waridi alikuwa ameanza kutembea gari liliposimama pembeni yake. Faris akafungua mlango.

"Panda, Nyanya. Niko na esansi ya kufika kituoni tu, lakini nitakupunguzia safari. Kumesikika leo lori limeshusha."

Kumbe mji mzima ulikuwa umesikia. Foleni ilianzia mbali kabisa na kituo, gari mdomo kwa mkia, na Faris akaingia ndani yake kabla hajafikiri. Nyuma yao yakaja mengine. Kushoto mfereji, kulia magari ya foleni ya pili. Wakakaa. Saa ya kwanza walisogea urefu wa gari mbili. Wauza karanga walipita, wauza maji walipita, mtu mmoja alikuwa ametandika mkeka juu ya boneti amelala na koti la mvua.

"Nisamehe kwa ajili ya mama," Faris akasema hatimaye.

"Mama yako anapenda, tatizo anapenda kwa kufunga madirisha." Waridi akageuka kwenye kiti. Kwa umri wake aliweza kumwita kijana yeyote mume, na kumuuliza asichoulizwa. "Sasa we, mume wangu, nieleze. Kwa nini humwambii mke mwenzangu alipo mtoto? Mama yako amekukataza?"

"Mama?" Alicheka, lakini hakikuwa kicheko. "Mama ajui kitu. Alinikataza, ndiyo. Lakini hata angeniruhusu..."

Akashika usukani kwa mikono miwili, na gari lilikuwa limezimwa.

"Mi nilimubeba mwenyewe, Nyanya. Kwenye mapaja, kiti cha nyuma. Kilo mbili na nusu. Watu wananiambia, we mwanaume, jikaze, funga mukanda. Nikajikaza. Kaburi lilikuwa dogo, mutu mmoja alichimba kwa dakika kumi. Nikatafuta jiwe, nikaweka kichwani. Nikasema hili nitalijua. Siku ya tatu baada ya kumuzika mvua ikanyesha, ile kubwa, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Siku ya tisa nikaenda. Mfereji ulikuwa umepasuka ukapita juu ya ile safu ya watoto. Udongo umelala sawasawa. Yako makaburi matatu madogo, mapya yote, na mawe yametapakaa kila mahali. Nikamuuliza muchimbaji, anasema, yote ya watoto, omba tu. Nimeenda mara saba, Nyanya. Nasimama, nasema labda hili. Nasema apana, lile. Nimepima kwa hatua kutoka kwenye ukuta. Najidanganya." Akageuka kutazama kiti cha nyuma. "Mutu gani anapoteza mutoto mara mbili?"

Mbele yao gari likasogea. Faris hakusogea. Nyuma wakapiga honi.

Waridi alikuwa ameshika mataulo mapajani, yale yaliyolowa, na alichokuwa anakiona hakikuwa foleni. Alimwona Chabani akirudi nyumbani Ijumaa baada ya swala, miezi ile ya mvua, matope mekundu mpaka kwenye vifundo. "Umetoka wapi?" "Nilikuwa natafuta kipuri." Ijumaa nyingine tena, kipuri. Maduka yote ya vipuri yalikuwa Buyenzi hapo hapo, barabara yake ilikuwa vumbi jeusi la mafuta. Matope mekundu ya wapi? Naye Waridi, msichana mwenye wivu, akasema, huyu ana mwanamke kilimani. Alimtukana. Alimfulia suruali zile huku akimtukana. Chabani hakujitetea hata siku moja, alichukua maneno yote kama mtu anayelipa faini.

Je, alikuwa anatafuta? Je, naye mvua ilimfutia? Atamuuliza nani sasa? Waliokufa ukiwaambia kitendawili hawaitikii tega.

"Lo, Chabani," akasema kwa sauti, na Faris akageuka.

"Chabani nani?"

"Mume wangu. Aliniambia pahali pazuri, maneno hayo hayo yako. Nikadhani ni ugumu wa moyo. Miaka thelathini na nne, Faris, nimekanda wanawake nikiwaambia nilitoka salama. Uongo. Niko chumbani bado, hao watoto watatu niliozaa baadaye nimewalea nikiwa humo humo. Angeniambia sijui, ningetoka nikatafute naye. Tungerudi wawili na matope."

Faris alikuwa analia bila kujifuta. Kijana mkubwa, ndevu zimechongwa vizuri, analia mbele ya wauza karanga.

"Nikimuambia, atanichukia," akasema.

"Pengine. Lakini atakuchukia kwa jambo la kweli. Sasa hivi anakuchukia kwa jambo lisilokuwepo, anadhani unajua."

Nyuma honi zikawa mvua. Faris akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akawasha gari. Mshale wa esansi ulikuwa umelala chini kabisa. Badala ya kwenda mbele, akakata usukani, akaanza kujipenyeza nje ya foleni, nyuma kidogo, mbele kidogo.

"We bwana!" dereva wa nyuma akatoa kichwa dirishani. "Tangu mchana umekaa hapa, lori limeshusha, unatoka? Uko mugonjwa?"

"Chukua nafasi yangu, kaka."

"Mana yanje, Mungu wangu! Jamani, njooni muone mutu anatoka foleni!"

Watu wakasimama kumwangalia kama anayetupa noti barabarani. Waridi akafungua dirisha, akawaambia, "Nini mnatoa macho? Hamjaona mwanaume akienda kwake?"

Gari likafika Kibenga likikohoa, likazimika mita chache kabla ya geti. Wakatembea zilizobaki. Magharibi ilikuwa inaingia. Nafisa aliwaona kutoka barazani, akasimama.

"Bi Waridi, nilikwambia—"

"Uliniambia, Mama Faris. Sikuja kukanda."

Faris alimpita mama yake. Akafika kizingitini, pale anaposimama kila jioni, na hakusimama. Akaingia. Nafisa akaita, "Faris! Arobaini!" akamfuata mpaka mlangoni, na Waridi nyuma yake. Kijana alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. Raihana alikuwa amekaa, mgongo kwenye mto, macho yamevimba, anamtazama mumewe kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Raihana akamuuliza kama anavyomuuliza kila siku, ila safari hii taratibu zaidi, maana alikuwa amechoka.

"Umemulaza wapi?"

"Mwanangu," Nafisa akadakia, "ameshakwambia, ni pahali—"

Waridi akamshika mkono, mkono wa mkandaji, mzito na wa moto. "Mwache, Mama Faris. Nakuomba, mwache aseme."

Nafisa akajaribu kuutoa mkono wake. Kisha akaacha kujaribu.

Faris akavua kofia, akaiweka kwenye goti. Alitazama vidole vyake. Kimoja akakishika kwa mkono mwingine, kile kidogo cha kulia.

"Ni chini kabisa," akasema, "kwenye safu ya watoto, karibu na mfereji. Niliweka jiwe, mvua ikaliondoa. Yako makaburi matatu madogo, yote yanafanana. Yeye yuko ndani ya moja katika hayo matatu, Raihana, na mi sijui ni lipi."